Siagi ya Mzazi

Tarehe nne mwezi huu tulimzika dada yangu Aikande huko Machame, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo wa mume wake, hatua chache kutoka kwenye zizi. Alinizidi miaka mitatu. Katika watoto waliozaliwa nyumba yetu sasa tumebaki wawili, mimi na mdogo wetu wa kiume, na yeye hayajui mambo ninayotaka kuyaandika, kwa sababu yalipokuwa yanatokea hakuwa ametimiza hata wiki mbili duniani.

Siku ya pili ya matanga niliingia jikoni kusaidia kuosha vyombo. Binti mmoja wa jirani alikuwa anayeyusha siagi ya kienyeji aitie kwenye ndizi za wageni. Harufu ilinikuta mlangoni: maziwa yaliyochacha kidogo, moshi, na ule uzito unaoganda kooni. Niliweka sahani chini nikatoka nje. Waliokuwepo walidhani nimezidiwa na msiba, wakanifuata na maji ya kunawa uso. Sikuwaambia kwamba nilikuwa nimeogopa. Mtu mwenye wajukuu akiogopa siagi atamwambia nani? Ndiyo maana ninaandika. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini nitajaribu kuyaweka kama yalivyokuwa, na sitajipamba.

Mama alijifungua mwezi wa baridi, shule zikiwa zimefungwa. Walio wa umri wangu wanaikumbuka miaka ile. Duka la kijiji lilikuwa na rafu ndefu, na juu ya rafu kulikuwa na majembe na viberiti vilivyopata unyevu. Sabuni tuligawiwa vipande, sukari ilikuja kwa mgao, na balozi wa nyumba kumi ndiye aliyesoma majina. Siagi ya kopo tuliisikia kwa watoto wa mwalimu mkuu. Ya ng'ombe wetu ilikuwepo, lakini haikuwa yetu. Kwetu mwanamke akijifungua anakaa ndani karibu miezi mitatu, halimi wala hachoti maji, na mama mkwe wake ndiye anayemlisha. Siagi yote ya nyumba inakuwa yake, siagi ya mzazi. Mtoto ukikutwa umechovya kidole, ni kama umeiba sadaka.

Baba alikuwa seremala mjini Moshi, alipanda nyumbani Jumamosi na kushuka Jumatatu. Kwa hiyo nyumba ilibaki mikononi mwa Bibi, mama yake baba. Alihamia kwetu na kigoda chake na kopo lake la ugoro. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na meno yake yaliyobaki yalikuwa na rangi ya kahawia. Nilimpenda kwa mbali, kama mtu anavyompenda mchungaji wa usharika.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuning'iniza kitenge kwenye mlango wa chumba cha Mama na kutukataza kukisogelea. "Mama yenu anapumzika. Nisimwone mtu hapa." Jambo la pili, kwa kuwa alijua watoto wasio na kazi watakisogelea tu, alitupa kibuyu.

"Kaeni hapa," alisema, akatutandikia majani makavu ya mgomba uani. "Nawapa mchezo."

Tulikuwa tumemwona akikitayarisha tangu asubuhi. Alitia makaa ya moto ndani ya kibuyu akayazungusha, kra kra kra, mpaka moshi ukatoka shingoni, akayamwaga, akapangusa. Halafu akamimina maziwa yaliyokwishalala siku mbili yakaganda, akaziba kwa gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa. Tulinyoosha miguu, kibuyu kikalala mapajani, na kazi ikawa kukisukasuka, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka mia moja, kisha unampa mwenzako.

"Maziwa yakianza yanalia kama maji," Bibi alisema. "Siagi ikija, yanalia kama mtu anayetembea kwenye tope. Atakayesikia wa kwanza atakunywa mtindi wa kwanza."

Huo ndio ulikuwa mchezo, na siku hiyo ulikuwa mtamu kuliko rede.

"Unakisukuma kama unafukuza kuku," Aikande alinicheka. "Lete."

"Sijafika mia!"

"Umeruka sitini. Nilikuwa nakusikiliza."

"Wewe unasikia nini, masikio yenyewe yamejaa nta."

Mikono iliuma. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na siagi ilikataa kuja. Bibi alitoka na birika, akachanganya maji kwenye kata, akachovya kidole, akatia kidogo kibuyuni. "Baridi kama hii maziwa yanagoma. Yanataka maji ya uvuguvugu. Vuguvugu tu, mnanisikia? Ukitia ya moto siagi inayeyuka, inapotelea humo humo, haikusanyiki tena." Tulisukasuka tena, na ghafla sauti ikabadilika, kitu kizito kikaanza kugonga ndani. Tulipiga kelele pamoja, na mpaka leo sijui nani alisikia kwanza. Bibi alitoa donge la manjano kama ngumi yangu, akalisuuza kwa maji baridi, akaliweka kwenye jani la mgomba. Aikande alikunywa mtindi wa kwanza. Mimi nilinuna, kisha nikanywa wa pili.

Ningependa kuishia hapo, lakini siku zilizofuata nilianza kusikia mambo.

Nyuma ya kitenge Mama alikuwa anaguna. Haikuwa kulia, ilikuwa sauti ya mtu anayeinua mzigo. Mtoto alilia mara chache, kwa sauti nyembamba. Nyuma ya nyumba, kwenye mfereji, niliona Bibi akifua vitambaa, na maji yaliyoshuka kwenye magimbi yalikuwa mekundu. Aliponiona alisema, "Toka hapo." Mchana wake jirani yetu, Mama Nsia, alikuja kumjulia hali mzazi. Walisimama karibu na stoo ya kahawa, na mimi nilikuwa ndani ya stoo nikitafuta kifaranga.

"Imemtoka nyingi," Bibi alisema.

"Bado haijakata?"

"Inapungua. Lakini ameisha, mwanangu. Midomo imekuwa myeupe. Nisipompa nguvu upesi, nitabaki na hawa watoto."

Nilikaa ndani ya stoo muda mrefu. Kifaranga kilikuja chenyewe kikapanda kwenye mguu wangu. Nilikuwa na miaka saba, na kwa mara ya kwanza niliwaza kwamba Mama anaweza kufa.

Kesho yake tulitumwa kukata majani ya ng'ombe kwenye kingo za mto. Tuliporudi na mizigo kichwani, Bibi alikuwa jikoni, ameinama juu ya bakuli kubwa, anakoroga kwa kijiti. Ndani ya bakuli kulikuwa na damu. Ilikuwa nyingi, na ilikuwa na povu. Alivuta nyuzinyuzi zilizoganda kwenye kijiti akazitupa majivuni.

Walio wa kwetu wameshajua ilikuwa nini. Ni mlaso. Wanaume wanatoa damu ya ng'ombe shingoni kwa mshale mfupi, bila kumchinja, na wanawake wanaipika na maziwa na siagi, mzazi anakunywa ili arudishe ile iliyomtoka. Baba mdogo alikuwa ameileta tukiwa mtoni. Lakini mimi sikumwona baba mdogo. Kwa nyumba yetu nilikuwa mdogo mno mara ya mwisho mlaso ulipopikwa. Mzazi alikuwa Mama, na mtoto nilikuwa mimi. Niliona Bibi na bakuli la damu, hatua sita kutoka kwenye kitenge.

Nilimvuta Aikande hadi nyuma ya zizi.

"Ile damu ni ya nani?"

Alikuwa darasa la nne, kwangu alikuwa anajua kila kitu. Alifikiri kidogo. "Ya Mama."

"Ya Mama?"

"Si wanasema imemtoka nyingi? Sasa unadhani imekwenda wapi?"

"Bibi anaifanyia nini?"

"Anaipika na ile siagi yetu. Nimemwona anaweka sufuria."

"Halafu?"

"Halafu sijui. Usiulize ulize, atakuchapa."

Nilirudi na kuchungulia kwenye ufa wa mabanzi. Siagi ilikuwa inayeyuka kwenye sufuria, harufu ikatoka hadi kwenye pua yangu. Bibi akamimina damu. Ikageuka rangi, ikawa kahawia, ikaanza kutokota. Akachukua mwiko, akapuliza, akaonja. Akatia chumvi, akaonja tena, akaramba mdomo.

Mtu mzima anaweza kucheka hapa. Mimi sikucheka wakati ule na hadi leo sijaweza. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi na haikuwa na tundu. Mama alikuwa na damu, Bibi alikuwa anaitoa. Damu haiwezi kupikwa bila siagi. Siagi tulikuwa tunaitengeneza sisi, tukicheka, tukigombea mtindi. Kila tulipokifikisha kile kibuyu mwisho, Mama alipungukiwa. Niliitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine. Baba alikuwa mjini. Aikande alisema nisiulize. Basi ilibaki kazi moja tu niliyoiweza, nayo ni kuhakikisha siagi haiji tena.

Siku ya kusukasuka ilipofika, Bibi aliweka birika motoni akaingia kwa Mama. Aikande alikwenda kumwekea ng'ombe majani. Nilichukua birika kwa pindo la gauni, nikazibua kibuyu, nikamimina maji yanayochemka. Kibuyu kilipata moto mpaka mapaja yakaniwasha. Nikaziba, nikasukasuka, nikahesabu kwa sauti kama kawaida. Aikande alirudi, tukapokezana hadi mchana. Haikuja. Bibi alimimina kwenye bakuli, akaona majimaji yenye mafuta yanayoelea kama mchuzi, akayatazama muda mrefu.

"Maziwa yameharibika," alisema. Alikiosha kibuyu, akakifukiza upya.

Siku mbili baadaye nilifanya tena.

Safari hii Bibi aliketi kwenye kigoda chake, kibuyu kiko mapajani, na nikaona kidevu chake kinatetemeka. Sikuwahi kumwona mtu mzima hivyo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa lile bakuli, kwa sababu mchawi niliyekuwa nimemtengeneza kichwani hakutakiwa kulia.

Mama Nsia alikuja na mtungi wa maji, akamkuta vile.

"Imekataa tena?"

"Imekataa. Leo siku ya nne hajanywa kitu cha maana. Bila siagi inamkaba, anatapika yote. Shemeji yake ameleta nyingine asubuhi, itaharibika."

"Isije ikawa kuna jicho la mtu, Mama."

"Jicho la nani? Hapa wanaingia wewe na mimi."

Mama Nsia aliinua mtungi wake polepole, na usoni mwake niliona kwamba lile neno limemwingia vibaya. Ndipo kitenge kikatikisika, na sauti ya Mama ikatoka. Sikuwa nimeisikia kwa siku nyingi. Ilikuwa ndogo kama ya Aikande akiwa na homa.

"Mama," alimwita mama mkwe wake. "Leo pia hamna? Hata kidogo?"

Alikuwa anaomba. Nilisimama pale, na ile hesabu yangu ikaanguka, ila haikuanguka yote. Sikufikiri kwamba damu ni ya ng'ombe. Hakuna aliyeniambia habari za ng'ombe. Nilifikiri kwamba Mama anaomba arudishiwe ya kwake, na mimi nimemnyima.

"Bibi," nilisema. "Ni mimi."

"Wewe umefanyaje?"

"Nilitia maji ya moto. Yale ya birika."

"Lini?"

"Leo. Na juzi ile."

Mama Nsia alitua mtungi. Aikande alikuwa mlangoni mwa zizi ameshika uma wa samadi, akaacha kuvuta.

"Kwa nini?" Bibi aliuliza.

Nilitazama mdomo wake. Maneno yalikuwepo yote, yamejipanga, lakini ningewezaje kumwambia mtu usoni kwamba nilimwona akimnywa Mama? Nililia tu. Alingoja kidogo, hakuuliza mara ya pili. Kwa miaka mingi nilimlaumu kwa hilo. Angeuliza mara moja zaidi ningesema, angecheka au angenichapa, na mambo yangeishia uani. Lakini alikuwa na mgonjwa ndani na damu inayoganda jikoni. Hakunichapa. Alimgeukia Mama Nsia, na kwa mara ya kwanza nilimsikia Bibi akiongea kwa unyonge.

"Mwanangu, nisamehe. Una donge lolote kwako?"

"Lipo, Mama. Nalileta." Alikwenda mbio, akarudi na siagi imefungwa kwenye jani. Mtungi wake ulibaki uani mpaka jioni.

Bibi alipika. Harufu ile ikapanda tena, na mimi na Aikande tulisimama ukutani. Alipomaliza alimimina kwenye kibakuli cha mti, akaja mbele yetu.

"Njooni. Wote wawili. Mkamwone mliyekuwa mnamnyima chakula."

Aikande hakuwa amefanya lolote. Hakusema "si mimi." Alinishika mkono, tukapita chini ya kitenge.

Mle ndani mlikuwa na giza la moshi na harufu ya mtoto mchanga. Mama alikuwa ameegemea ukuta. Midomo yake kweli ilikuwa myeupe, na macho yalikuwa makubwa kuliko niliyoyazoea. Mtoto alikuwa kifuani kwake, amekuwa kifurushi tu.

"Mbona mnasimama huko kama wageni?" alisema. "Shikamoo hamna?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu."

Bibi alimshikia kibakuli. Nilimwona Mama akinywa, polepole kwanza, kisha kwa pupa, akipumua kwa pua kama ndama. Nilikuwa na uhakika ninamwona mama yangu akinywa damu yake mwenyewe, na kwamba kila mtu mle ndani anaona ni sawa. Hofu ya namna hiyo sijawahi kuipata tena, hata siku waliyoniita hospitali kuniambia hali ya dada.

Mama alipona. Jumatatu ile Baba hakushuka kazini. Yeye na baba mdogo walimbeba kwa machela hadi hospitali, akachomwa sindano, akalala huko siku sita. Sijui kama ni mlaso uliomponya au sindano, wala sidai kujua. Alirudi, akamaliza miezi yake ndani, na aliishi hadi akawaona wajukuu wakioa.

Lakini siku ile chumbani alikuwa hajamaliza kibakuli. Kwetu mzazi anawabakizia watoto wa nyumba, ni ukarimu na ni baraka. Alikisogeza kuelekea kwetu. "Basi, kunyweni na nyie. Imeshanitosha."

Kilikuwa karibu na nusu. Nilihisi mkono wa Aikande ukinibana. Halafu akauachia, akapiga hatua, akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama tulivyofundishwa.

Mwezi uliopita, nimekaa naye hospitali mchana, wauguzi wametoka, nilimuuliza kwa mara ya kwanza maishani mwetu.

"Dada, siku ile ya kibakuli. Ulikuwa unajua ni damu ya ng'ombe?"

Alitazama dari. "Nilikuja kujua nikiwa darasa la sita. Kwa baba mdogo, nilipoona wanapiga ule mshale."

"Sasa kwa nini ulikunywa vile?"

"Ulikuwa unatetemeka," alisema. "Nikaona nikinywa nyingi, kwako itabaki kidogo." Kisha akaomba nimgeuze ubavu wa pili.

Basi alikunywa. Alikunywa macho yakiwa wazi, koo likipanda na kushuka, na Mama akasema, "Taratibu, mwanangu, nani anakufukuza?" Alipokishusha, machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakutapika. Alijipangusa kwa kiganja, akanigeukia, akanipa. Chini kulikuwa kumebaki funda moja. Mama alikuwa ananitazama, na Bibi, na Aikande. Nikapiga goti, nikanywa.